Mja mzito na chakula: namna ya kuisoma rekodi ya machapisho ya mtafiti

Katika rekodi ya machapisho ya Abigail Easter, mtafiti wa afya ya mama na mtoto wa King's College London, zimo makala mbili ambazo msomaji wa mara ya kwanza anaweza kudhani kuwa zinabishana. Zote mbili zinahusu wanawake wajawazito wa London, na zote zinauliza ni wangapi miongoni mwao wenye matatizo ya ulaji. Ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 2013, inasema ni asilimia 7.5. Ya pili, ambayo yeye ni mmoja wa waandishi wenza na iliyotoka mwaka 2020, inasema ni asilimia 1.5 hivi wakati wa ujauzito, lakini papo hapo inaeleza kuwa karibu asilimia 15 ya wanawake hao waliwahi kuwa na tatizo la namna hiyo wakati wowote wa maisha yao. Namba ya kwanza ni mara tano ya namba ya pili, na mwandishi mmoja amezitia saini zote mbili.

Makala haya yanawalenga wanaosoma tafiti za namna hiyo wakiwa Unguja na Pemba: wanafunzi wa ukunga na uuguzi, wahudumu wa kliniki za wajawazito, na kina mama wanaojisomea. Ninaamini kwamba rekodi kama hiyo ina manufaa makubwa kwetu, lakini manufaa hayo hayapatikani kwa kuchukua asilimia za London na kuzibandika Mnazi Mmoja au Chake Chake.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Matatizo ya ulaji ni maradhi ya akili yanayojitokeza katika chakula na katika namna mtu anavyouona mwili wake. Anoreksia humfanya mtu ajinyime chakula hadi mwili ukonde kwa kiwango cha hatari, huku akiendelea kuogopa kunenepa. Bulimia humfanya ale kiasi kikubwa kwa muda mfupi bila ya kuweza kujizuia, kisha ajitapishe, ajishindishe njaa au anywe dawa za kuharisha ili kukifuta alichokila. Lipo pia tatizo la ulaji wa kupindukia lisilofuatiwa na kujitapisha, ambalo mwongozo wa uchunguzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani uliliweka katika orodha yake kamili mwaka 2013. Maradhi haya hayakuzuka na simu za mkononi. William Gull wa Uingereza na Charles Lasègue wa Ufaransa waliieleza anoreksia mwaka 1873, kila mmoja kwa njia yake, na Gerald Russell akaieleza bulimia mwaka 1979.

Sasa turudi kwenye namba. Katika utafiti wa mwaka 2013, wanawake 739 waliofika kwa kipimo chao cha kwanza cha ultrasaundi walijaza dodoso wenyewe. Dodoso huuliza kwa maneno yaliyopangwa, mama huweka alama, na baadaye mtafiti hutumia kanuni kuamua nani anaingia katika kundi gani. Katika utafiti wa mwaka 2020, mtafiti aliyefunzwa alikaa na mama na kumhoji kwa mpangilio maalumu wa kitabibu, akauliza dalili moja baada ya nyingine, muda wake na uzito wake, kabla ya kuamua kuwa ni maradhi. Dodoso ni wavu wenye matundu madogo, kwa hiyo hukamata wengi, wakiwamo wanawake wenye wasiwasi mkubwa juu ya miili yao ambao daktari asingewaandikia maradhi. Mahojiano hukamata wachache, na wale wanaokamatwa huwa wana hali iliyokwisha kuwa nzito.

Utafiti wa dodoso umejibu swali la ni wajawazito wangapi wanaobeba dalili zinazostahili kuangaliwa, na utafiti wa mahojiano umejibu swali la ni wangapi wanaotimiza masharti ya maradhi kwa sasa. Mkuu wa kliniki anayepanga mafunzo ya wakunga wake anahitaji jibu la kwanza, na hospitali inayotaka kujua itahitaji wataalamu wangapi wa afya ya akili inahitaji la pili. Kosa hutokea pale mwandishi wa habari, au hata mtoa mada kwenye warsha, anapochagua namba kubwa kwa sababu inashitua, au namba ndogo kwa sababu inatuliza.

Ipo namba ya tatu, nayo inatoka Sweden. Mwaka 2020 watafiti wa huko walichapisha uchambuzi wa wanawake zaidi ya 1,200,000 waliozaa kati ya mwaka 2003 na 2014, kwa kutumia rejista za taifa. Waliowahi kuandikwa na hospitali kuwa na tatizo la ulaji walikuwa 7,542, yaani asilimia 0.6 tu. Namba hii ikiwekwa pembeni ya ile ya London, ambako mahojiano yaliona karibu asilimia 15 waliowahi kuugua, tofauti inakuwa kubwa mno. Nchi ni mbili na haifai kuzilinganisha kwa hesabu ya moja kwa moja, lakini ni wazi kwamba rejista huwahesabu wale tu waliofika kwa daktari, wakasema, na wakaandikwa. Mwanamke aliyeficha hayumo. Kila anayesoma takwimu za hospitali, za Sweden au za kwetu, ni lazima akumbuke hivyo, kwa sababu rejista tupu haimaanishi kwamba maradhi hayapo.

Jambo jingine linalowachanganya wasomaji ni wingi wa makala. Mtu huona mtafiti ana machapisho mengi juu ya mada moja akadhani kwamba kila chapisho ni ushahidi mpya. Mara nyingi sivyo. Karibu na mji wa Bristol, Uingereza, ulianzishwa utafiti mkubwa wa ufuatiliaji uliowaandikisha wajawazito waliotarajiwa kujifungua kati ya Aprili 1991 na Disemba 1992, na ujauzito zaidi ya 14,000 uliingizwa. Kutokana na wanawake haohao, Nadia Micali na wenzake walichapisha mwaka 2007 makala juu ya matokeo ya uzazi kwa wenye historia ya anoreksia na bulimia. Easter na wenzake wakachapisha mwaka 2011 makala juu ya uwezo wa kushika mimba na hisia za mama anapojua kuwa ana mimba. Na baadaye zikafuata nyengine juu ya afya ya akili ya mama kabla na baada ya kujifungua, na juu ya ukuaji wa watoto. Zote ni kazi halali na kila moja ina swali lake. Lakini tano zikikubaliana, hatuwezi kusema kuwa sehemu tano za dunia zimekubaliana, maana sehemu ni moja na wanawake ni walewale wa miaka ya mwanzo ya 1990. Ndiyo maana matokeo ya Bristol yanapata uzito zaidi pale Norway, kwa utafiti wake mwengine wa mama na mtoto ulioandikisha watu kuanzia mwaka 1999 hadi 2008, inapoona jambo linalofanana. Na utafiti wa Norway nao una mpaka wake: kati ya wanawake wote walioalikwa, walioingia ni kama asilimia 41, na wanaokubali kujiunga na utafiti kwa kawaida huwa na afya nzuri zaidi kuliko wanaokataa.

Tukishazipima tafiti hizi hivyo, kuna mambo yanayosimama imara. Katika data za Norway, kazi ya Cynthia Bulik na wenzake iliyochapishwa mwaka 2007, ikiwahusisha wanawake zaidi ya 41,000, ilionesha kuwa wengi waliokuwa na bulimia kabla ya mimba walipata nafuu walipokuwa wajawazito, lakini pia kwamba ulaji wa kupindukia ulianza upya kwa baadhi ya wanawake ambao hawakuwa nao kabla, hasa wale wenye hali duni ya maisha. Mimba basi inaweza kuwa wakati wa kupona au wakati wa kuanza kuumwa, kutegemea ni tatizo gani na ni mwanamke gani. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika fani hii, maana linamwambia mkunga kwamba historia safi ya mama haimhakikishii chochote.

Jambo la pili ni kwamba kukosa hedhi si kinga ya mimba. Mwanamke mwenye anoreksia mara nyingi hukosa hedhi au huipata kwa kurukaruka, naye, na wakati mwengine daktari wake, huamini kuwa hawezi kushika mimba. Katika data za Norway, wanawake wenye anoreksia waliosema kuwa mimba yao haikupangwa walikuwa nusu yao, ilhali miongoni mwa wasio na tatizo lolote la ulaji walikuwa chini ya asilimia 19. Idadi ya wenye anoreksia katika uchambuzi huo ilikuwa ndogo, wanawake 62, kwa hiyo asilimia yenyewe isichukuliwe kama sheria, lakini mwelekeo unakubaliana na mwili unavyofanya kazi: yai linaweza kupevuka kabla hedhi haijaonekana.

Kuhusu madhara kwa uzazi, uchambuzi wa Sweden ndio wenye nguvu zaidi kwa sababu ya ukubwa wake. Wenye matatizo ya ulaji walikuwa katika hatari ya takriban mara mbili ya kupata kutapika kukali kwa ujauzito, hatari ya kuzaa kabla ya wakati ilikuwa juu, na wale waliokuwa na anoreksia wakati huo au muda mfupi kabla ya mimba walikuwa na hatari ya mara mbili ya upungufu wa damu. Hatari ya mara mbili haina maana kwamba nusu ya wanawake hao watapatwa. Ikiwa jambo hutokea kwa wawili katika mia, mara mbili ni wanne katika mia, na waliobaki 96 hawatapatwa nalo. Mama mwenye historia ya anoreksia anayesoma haya na ana mimba anastahili kuambiwa hivyo waziwazi, kwa sababu hofu nayo hufunga koo.

Machapisho ya baadaye katika rekodi hii yanaelekea kwenye huduma zenyewe, na hapo ndipo ninapoona kuwa yanatukaribia sana. Makala ya mwaka 2018, ambayo Easter ni mmoja wa waandishi wake, iliwauliza wanawake waliougua na wahudumu wa afya nini kinazuia tatizo lisijulikane kliniki. Wanawake walitaja aibu, walitaja kukosa nafasi ya kusema, na wengine walisema walitaka kujimudu wenyewe. Wahudumu nao walitaja muda mfupi, kutojua dalili, na kutokuwa na uhakika kama kuuliza ni kazi yao. Utafiti huo haukutoa asilimia ya kubeba kwenda nayo popote, lakini maelezo yake yanaweza kusafiri kuliko asilimia yoyote, kwa sababu aibu, foleni na mashaka ya muhudumu vipo kila penye kliniki.

Tuje nyumbani. Hatuwezi kuanza kwa kulichukua dodoso la Ulaya, kulitafsiri, na kuligawa. Mojawapo ya madodoso yanayotumika zaidi duniani katika fani hii huuliza juu ya siku 28 zilizopita, na swali lake moja linamtaka mtu aseme ni siku ngapi alikaa saa nane au zaidi akiwa macho bila ya kula chochote kwa nia ya kubadili umbo au uzito wake. Fikiria swali hilo linaulizwa Wete au Mkoani katika mfungo wa Ramadhani, au wiki mbili baada ya Idi. Mwanamke mwenye haraka, au anayesomewa na muuguzi mwenye haraka, atashika sehemu ya saa nane bila ya kula na kuiacha ile ya nia, na atajibu siku zote. Hesabu itatoka na wagonjwa tele ambao ukweli wao ni kwamba walikuwa wamefunga. Na upo upande wa pili wa jambo hilo, ambao ni mgumu zaidi. Sheria ya dini imempa mja mzito na anayenyonyesha ruhusa ya kutofunga anapohofia afya yake au ya mtoto, na akalipa baadaye kwa namna wanavyuoni wanavyoelekeza. Mwanamke mwenye anoreksia anaweza kuikataa ruhusa hiyo, na hakuna atakayemshuku, maana kwa nje anaonekana mcha Mungu. Swali linalopaswa kumfikia ni lile la nia, nalo haliulizwi kwa karatasi. Linaulizwa na mtu anayeaminika.

Lipo dodoso jengine fupi, la maswali matano, lililochapishwa Uingereza mwaka 1999 na kupendwa kwa wepesi wake. Swali lake la kwanza ni kama mtu hujitapisha kwa sababu ya kujihisi ameshiba kupita kiasi, na swali la mwisho ni kama chakula kimeyatawala maisha yake. Mja mzito wa miezi miwili anayetapika kila asubuhi, na ambaye mumewe ni mvuvi na bahari imechafuka wiki nzima, chakula kimeyatawala maisha yake kweli, lakini si kwa maana aliyoikusudia mtunga swali.

Picha ya mwili nayo inahitaji uangalifu. Kwa wazee wetu, kumwambia mwanamke kuwa amenenepa ni kumsifu, na kukonda ni habari ya kuulizana. Wengi huchukua hilo kuwa kinga, na hoja hiyo ilikuwa ikitolewa pia juu ya Fiji, ambako mwili mnene ulithaminiwa hivyohivyo. Anne Becker aliwachunguza wasichana wa skuli wa Nadroga, Fiji, mwaka 1995, televisheni ilipokuwa imeingia punde tu, akarudi mwaka 1998. Katika kundi la mwanzo hakukuwa na msichana aliyesema kuwa hujitapisha ili kupunguza uzito, na katika kundi la pili walikuwa asilimia 11.3. Utafiti huo hunukuliwa sana, lakini hauwezi kurudiwa kwetu, kwa sababu Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, na hakuna "kabla" ya kuilinganisha na "baada". Tunachoweza kuchukua kutoka Fiji ni onyo tu, kwamba sifa ya unene katika jamii haimlindi msichana milele. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2007 nao uliyahusisha mawazo ya namna hii na kukutana na vyombo vya habari vya nje.

Hata hivyo, linapokuja suala la ulaji wakati wa mimba, Zanzibar haisubiri kufundishwa na London pekee. Pemba ina ushahidi wake, tena wa hali ya juu. Sera Young na wenzake, wakiwamo watafiti wa Pemba, walichapisha mwaka 2010 matokeo ya utafiti wa wajawazito zaidi ya 2,000 wa kisiwa hicho. Asilimia 40 hivi walikuwa wakila vitu visivyo chakula au vyakula visivyopikwa kwa kiasi kikubwa. Wengi wao, asilimia 36.3 ya wote, walikuwa wakitafuna wanga mbichi, hasa mchele, na asilimia 5.6 walikuwa wakila udongo. Ni jambo ambalo kila mwanamke wa huko analijua: ngumi ya mchele kwenye pindo la kanga, kipande cha udongo wa kichuguu, na jibu la kawaida kwamba kinatuliza kichefuchefu.

Je, haya ni maradhi ya ulaji? Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 umeuweka ulaji wa vitu visivyo chakula katika sura hiyohiyo ya anoreksia na bulimia, lakini kwa masharti. Hauhesabiwi kuwa maradhi pale unapokuwa ni desturi inayokubalika katika jamii, na unapotokea pamoja na hali nyengine kama ujauzito huandikwa peke yake pale tu unapokuwa mzito kiasi cha kuhitaji uangalizi wa ziada. Kwa masharti hayo, wengi wa wanawake wa Pemba hawana maradhi ya akili, na nafikiri ni uamuzi sahihi. Lakini kutokuwa na maradhi ya akili hakumaanishi kwamba jambo halimhusu mkunga, maana utafiti huohuo uliona kwamba waliokuwa na tabia hiyo walikuwa na kiwango cha chini cha damu kuliko wenzao.

Hapa pana fundo ambalo wasomaji wengi hulikata badala ya kulifungua. Baadhi ya udongo unaweza kushika madini ya chuma tumboni yasifyonzwe, na mwanamke anayeshiba mchele mkavu huenda akaacha samaki na mboga za majani, kwa hiyo tabia inaweza kuleta upungufu wa damu. Lakini inajulikana pia kuwa mtu aliyepungukiwa na madini ya chuma hupata hamu ya vitu vya ajabu, kwa hiyo upungufu wa damu unaweza kuleta tabia. Utafiti unaopima kila kitu siku moja hauwezi kusema kipi kilitangulia. Muuguzi anayemkaripia mama kuwa "udongo ndio uliokumaliza damu" amesema zaidi ya ushahidi. Vivyo hivyo anayedai kuwa udongo ndio unaoleta minyoo: utafiti wa Pemba wa mwaka 2007, wa watafiti haohao, haukuona kuwa ulaji wa udongo ni njia ya wajawazito kuambukizwa minyoo ya safura wala ile iitwayo Trichuris. Safura, ambayo ni miongoni mwa sababu kubwa za kupungukiwa na damu, huingia zaidi kwa ngozi ya miguu. Karipio lisilo na msingi lina gharama, kwani mama aliyekaripiwa kwa mchele atanyamaza juu ya mchele, na akiwa na jambo zito zaidi la kusema juu ya chakula, atalinyamazia pia.

Pemba imewahi kuifundisha dunia nzima kwamba matokeo ya tiba yanafuata mahali. Jaribio kubwa lililofanywa huko na kuchapishwa mwaka 2006 liliwapa watoto wadogo madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, jambo lililokuwa likipendekezwa kila mahali penye upungufu wa damu. Lilibidi kusimamishwa kabla ya wakati kwa sababu watoto waliopewa walilazwa hospitali na kufariki zaidi ya wasiopewa, ilhali jaribio kama hilo lililofanywa Nepal, mahali pasipo na malaria nyingi, halikuonesha madhara hayo. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri wake kwa maeneo yenye malaria. Matokeo hayo yalihusu watoto, na mama mjamzito asiache vidonge vyake vya damu kwa sababu hiyo. Ninayataja kwa sababu kisiwa kilichotoa somo hilo hakina sababu ya kupokea dodoso la matatizo ya ulaji bila ya kulijaribu kwanza kwa watu wake.

Katika kliniki zetu mama hupimwa uzito, shinikizo la damu na wingi wa damu, na kila kimoja kinaandikwa kwenye kadi. Vipimo hivyo vinaweza kuonesha kuwa kuna jambo, kwa mfano uzito usiopanda kati ya hudhurio moja na jengine, lakini haviwezi kusema ni jambo gani. Uzito usiopanda unaweza kuwa ni njaa ya nyumba, kutapika kukali, maradhi mengine, au mwanamke anayejinyima. Kinachotenganisha ni mazungumzo, na mazungumzo hayo yanaweza kuanza na kile ambacho tayari si siri: "Mimba hii inakuchagulia nini? Kipi hukipitishi kabisa? Na kipi huachi kukitafuna?" Mama atakayeeleza juu ya mchele bila ya kukaripiwa amefungua mlango wa swali la pili, kama huwa anaogopa kula kwa sababu ya mwili wake, na la tatu, kama kuna wakati hujitapisha mwenyewe. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2017 juu ya matatizo ya ulaji unataka wajawazito wenye maradhi haya wafuatiliwe kwa karibu zaidi wakati wa mimba na baada ya kujifungua, lakini ufuatiliaji huo hauwezi kuanza kwa mtu ambaye hakuulizwa.

Suala la mahali pa kumpeleka ni gumu. Kwa watu wengi wa Unguja, kutajwa kwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, peke yake kunatosha kumfanya mama asirudi kliniki, ingawa hospitali hiyo ina watu wenye ujuzi ambao wangeweza kumsaidia. Ninaona kuwa ni afadhali mtaalamu wa afya ya akili awe na siku yake katika kliniki ileile ya wajawazito, mama akamuona kama anavyomuona mpima damu, kuliko mama kupewa karatasi ya rufaa ambayo ataikunja na kuificha.

Baada ya kujifungua kuna arubaini, na hapa tuna kitu ambacho London haina. Mzazi hukaa ndani, hufungwa tumbo, huletewa uji wa pilipili manga na supu, na mama yake, shangazi au bibi hukaa naye kuhakikisha kuwa anakula. Kwa mzazi wa kawaida hiyo ni hifadhi. Kwa aliye na bulimia, siku hizo za kulishwa mbele ya watu, huku tumbo likibanwa na kila mgeni akitoa maoni juu ya mwili wake, zinaweza kuwa ngumu kuliko mimba yenyewe, na tafiti za nje zinakubaliana kuwa kipindi cha baada ya kujifungua ndicho ambacho dalili hurudi kwa wengi waliopata nafuu. Wakati huohuo, bibi anayekaa naye ndiye mtu wa kwanza anayeweza kuona kuwa chakula kinaingia na hakikai. Ni yeye anayehitaji kuelezwa, kwa heshima na kwa lugha yake, aangalie nini na amwambie nani.

Mtafiti wa Zanzibar atakayeianza rekodi yake katika mada hii, awe ametoka SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, au anafanya kazi katika maabara ya afya ya jamii ya Wawi, Pemba, atavutwa kuanza na swali la wangapi, kwa sababu ndilo linalonukuliwa. Ningependa aanze na makala isiyo na asilimia hata moja: akae na wazazi, wakunga na mabibi wa Micheweni na wa Makunduchi, asikilize wanavyolieleza jambo hili wenyewe, kisha ayatunge maswali yake kutokana na maneno hayo, ayajaribu ndani ya Ramadhani na nje yake, na ayalinganishe na mahojiano ya mtaalamu kabla ya kumuhesabu mama yeyote.